British Loyalty: alianza Mjapani, akaja Mjerumani, wakamalizia wenyewe

Nimefanya kazi kwenye tanka miaka 11 kabla sijarudi nchi kavu, na hii stori niliikuta nikiwa kazini, sio kitabuni. Safari moja tulikuwa tumetoka Ghuba na mzigo tunaelekea Australia, tukapita kusini mwa Maldives usiku, sekondi ofisa wetu akaniita pale brijini, chumba cha kuendeshea meli, akanionyesha alama kwenye chati, alama ndogo ya meli iliyozama, ndani kabisa ya ghuba ya visiwa vya Addu. Akaniambia hapo chini kuna mwenzetu, tanka ya mafuta, yuko hapo tangu 1946. Jina lake British Loyalty.

Nikauliza ilizama vipi, akasema ndefu hio, ilipigwa Madagascar na ikapigwa tena hapa, na mwisho wakaizamisha wenyewe. Nikashtuka kusikia Madagascar, manake hio ni bahari yetu, nimekua Mombasa hata Madagascar tunaichukulia kama jirani wa ng'ambo tu, na hakuna mtu aliyewahi kunihadithia kwamba vita vya Hitler na Wajapani vilifika mpaka hapo. Tangu siku ile nimeifuatilia hii meli kila nikipata nafasi, na leo nataka niiandike yote kwa Kiswahili kwa sababu sijaiona popote kwa Kiswahili na inaniuma.

Tuanze mwanzo. British Loyalty ilijengwa mwaka 1928 na kampuni ya Palmers kule kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwenye mto Tyne. Urefu kama mita 134, tani 6,993. Kwa leo hio ni meli ndogo, zile zinazoingia Kilindini sahii na mafuta ya magari nyingi zinaipita, lakini kwa wakati wake ilikuwa tanka ya heshima. Mwenyewe alikuwa British Tanker Company, ile kampuni ya meli iliyoanzishwa 1915 na Anglo-Persian, wale waliokuwa wanachimba mafuta Uajemi na kuyasafisha Abadan, wenyewe ndo baadae wakawa BP. Meli zao zote walikuwa wanazipa majina ya kuanzia na British alafu sifa fulani au cheo, kwa hio hii ikawa na jina la utiifu. Ukishajua yaliyoipata utaona jina lilikaa.

Miaka 11 ya kwanza ilikuwa kazi ya kawaida ya tanka, unapakia, unasafiri, unashusha, unaosha matenki, unarudi. Sina mengi ya kusema hapo na mtu yeyote aliyewahi kuishi kwenye tanka anajua ile maisha, mwendo wa noti 10 hivi, yaani maili 10 za baharini kwa saa, na mafuta kila mahali mpaka kwenye chai.

Alafu 1939 vita vikaanza.

Sasa hapa watu wengi hawaelewi. Tanka kama hii haikuwa meli ya jeshi, ilikuwa ya kampuni, mabaharia ni raia wameajiriwa. Lakini vita vikipamba serikali ya Uingereza ilitwaa meli za biashara, na 1941 wakaunda wizara nzima kwa kazi hio, Wizara ya Usafiri wa Vita. Meli inabaki kuwa ya kampuni kwenye makaratasi, kampuni ndo inaajiri watu na kununua chakula na rangi, ila uende wapi, ubebe nini, usimame wapi na umsubiri nani, hio inaamua serikali. Meli inapakwa rangi ya kijivu, nyuma kwenye tezi inafungwa mzinga, na baharia ambaye jana alikuwa anashika ufagio leo anafundishwa kushika bunduki ya ndege.

Na yule baharia bado ni raia. Mwanzo mwanzo wa vita ilikuwa kawaida kabisa meli ikizama mshahara unakatwa siku ile ile, mpaka 1941 walipobadilisha utaratibu. Yaani uko kwenye mashua ya kuokoa maisha, umeloa mafuta mwili mzima, na kule ofisini jina lako limeshafutwa kwenye orodha ya malipo. Mimi nimewahi kukaa miezi mitatu bila mshahara kwenye meli moja, kampuni siitaji, na hatukuwa vitani, tulikuwa tumetia nanga tu tunaangaliana. Niliposoma hio habari ya mishahara nilifunga simu nikatoka nje kidogo.

Kwa nini tanka hasa ndo zilikuwa zinatafutwa? Manowari, yaani meli za kivita, nyingi za wakati ule zinakula mafuta mazito, ukiua tanka moja umesimamisha kikosi kizima. Meli ya kivita bila mafuta ni jengo la chuma. Kwa hio nyambizi zikiona msafara, jicho la kwanza linatafuta tanka.

Sasa Diego Suarez. Ukiitazama ramani, ni kule juu kabisa Madagascar, kaskazini, bandari ya asili kubwa sana, mlango mwembamba alafu ndani ghuba pana imetulia. Siku hizi inaitwa Antsiranana. Madagascar ilikuwa chini ya Wafaransa wa Vichy, wale waliokubali kuishi na Mjerumani, na Waingereza wakaogopa Mjapani asije akaichukua ile bandari akaifanya kituo cha nyambizi. Angepata pale angekuwa amekata njia yote ya meli zinazozunguka Cape, ile rasi ya Afrika Kusini, kwenda Misri na India. Na hofu haikuwa ya bure, Aprili 1942 ndege za Wajapani zilikuwa zimepiga Colombo na Trincomalee, na kikosi cha majini cha Waingereza cha huku Mashariki kikarudi nyuma, na unajua kilirudi wapi? Kilindini. Hapa hapa. Admirali Somerville akaleta manowari zake Mombasa, na hata wale wataalamu wao wa kufungua siri za simu za upepo za Wajapani wakahamishiwa Mombasa wakafanyia kazi kwenye jengo la shule ya Allidina Visram. Nimepita mbele ya ile shule maelfu ya mara bila kujua.

Nyanya yangu alikuwa msichana wakati huo, alikuwa anasema maji ya Kilindini yalijaa meli mpaka ukidhani unaweza kuvuka Likoni kwa miguu. Sisi watoto tulikuwa tunadhani anatia chumvi.

Basi 5 Mei 1942 Waingereza wakashuka Diego Suarez, na kufika tarehe 7 mji umekwisha salimu amri. Meli zikaingia ghubani, kubwa yao manowari Ramillies, na kati ya meli za kuhudumia kile kikosi ikawemo tanka yetu British Loyalty. Mahali paonekana salama, mlango mwembamba, mizinga juu ya mlima, nani ataingia humo.

Usiku wa tarehe 29 Mei ikapita ndege ndogo juu ya bandari. Ndege ya kuelea majini, na ndege ya aina hio haiwezi kutoka mbali, lazima kuna kitu baharini kimeileta. Ilikuwa imetoka kwenye nyambizi ya Kijapani I-10 iliyokuwa nje na wenzake. Waingereza wakashtuka, Ramillies ikang'oa nanga ikabadilisha mahali. Lakini kesho yake usiku, tarehe 30, nyambizi kubwa mbili za Kijapani, I-16 na I-20, zikatoa kila moja nyambizi mtoto.

Hizi nyambizi mtoto nataka nizieleze kidogo. Urefu mita 24 hivi, watu wawili tu ndani, torpedo mbili mbele, yaani mabomu yanayojiendesha chini ya maji, zinakwenda kwa betri. Betri ikiisha imeisha, hakuna injini ya kuichaji upya. Vijana wawili wanakaa wamekunjana kwenye bomba la chuma, gizani, wanatafuta mlango wa bandari wasioujua, na ndani yao wanajua nafasi ya kurudi ni ndogo mno. Mimi sio mtu wa kumsifu aliyekuja kuua mabaharia wenzangu ila ukweli lazima usemwe, ile ilikuwa kazi ya roho ngumu.

Moja ikapenya. Saa mbili na nusu hivi za usiku torpedo ya kwanza ikampata Ramillies ubavuni ikatoboa tundu kubwa. Taharuki, taa za kumulika, meli mbili ndogo za kusindikiza, Genista na Thyme, zikaanza kuzunguka zinatupa mabomu ya chini ya maji, ghuba nzima inatikisika. Na ndani ya hio vurugu yote yule mtu bado yuko chini na torpedo yake ya pili. Kama saa moja baadae akaitoa, na hio ndo ikampata British Loyalty. Mabaharia kadhaa wakafa. Meli ikazama ikakaa chini, kina cha maji pale ni kama mita 20 tu.

Ramillies haikufa, wakaiziba ikaenda Durban kutengenezwa. Historia nyingi zinaishia hapo, manowari imejeruhiwa, imetengenezwa, na kuhusu tanka wanaandika mstari mmoja, "na meli ya mafuta ikazama". Mstari mmoja tu.

Wale Wajapani wawili, Luteni Saburo Akieda na msaidizi wake Masami Takemoto, nyambizi yao ikakwama kwenye mwamba nje kule, wakashuka kwa miguu wakaanza kutembea kuelekea kaskazini, Cape Amber, mahali walipopatana na nyambizi kubwa ije kuwachukua. Njaa ikawashika wakaingia kijijini kununua chakula. Wanakijiji wakawauzia alafu habari ikafika kwa Waingereza. Tarehe 2 Juni askari wakawafikia, wakaambiwa wajisalimishe wakakataa, wakapigana mpaka wakauawa, na Mwingereza mmoja akafa pia. Ile nyambizi mtoto nyingine ilipotelea baharini na watu wake. Na zile nyambizi kubwa hazikurudi nyumbani, zilihamia mfereji wa Msumbiji zikazamisha meli zaidi ya 20 kwa mwezi Juni na mwanzo wa Julai. Fikiria hio, kutoka Mombasa kushuka chini mpaka Beira, maji ambayo majahazi yetu yalikuwa yanapita kila msimu.

Baadae mwaka ule ule vijana wetu wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakaja Madagascar pia, brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, kulikuwa na batalioni ya Kenya, ya Tanganyika na ya Nyasaland (Malawi ya leo), wakashuka Majunga Septemba 1942 na wakatembea kusini na kupigana mpaka Wafaransa wakaacha silaha mwezi Novemba. Kwa hio Kiswahili kilipigiwa amri kwenye milima ya Madagascar wakati British Loyalty imelala chini ya maji upande wa juu wa kisiwa hicho hicho.

Imelala, sio imekufa. Hapa ndo naipenda hii meli.

Tanka sio kama meli ya mzigo. Meli ya mzigo ina ngama kubwa mbili tatu nne, ukitoboa moja maji yanajaa chumba kizima kama ghala. Tanka imegawanywa matenki mengi madogo, kuta za chuma kwenda na kurudi, kila tenki na mfuniko wake na vali zake, manake mafuta yakiachwa kwenye chumba kimoja kikubwa yatayumba na meli itapinduka. Sasa zile kuta zilizowekwa kwa ajili ya mafuta ndo zinaokoa meli ikipigwa. Torpedo inafungua matenki mawili matatu, mengine yamebaki mazima. Kitu kinachoua tanka haraka ni moto, na moto hauanzi kwenye tenki lililojaa mpaka juu, unaanza kwenye tenki tupu ambalo limebaki na mvuke. Bosi wangu wa kwanza alinifundisha hivo hivo siku ya pili kazini, kijana, tenki tupu ndo bomu, lililojaa ni rafiki. Kwa mtu wa nchi kavu inasikika kinyume lakini ndo ukweli.

Kuinua tanka iliyokaa kwenye mita 20 kawaida inaenda hivi, wanashuka wazamiaji wanaziba matundu, wanafunga vali na mifuniko, alafu matenki mazima yanasukumiwa hewa kutoka juu ili maji yatokee chini, na yale yaliyotoboka yanapigwa pampu. Kazi ya wiki na wiki, maji machafu, giza, mafuta yanakuganda usoni. Desemba 1942 British Loyalty ikainuka. Miezi zaidi ya sita chini ya bahari na ikainuka.

Lakini haikuweza tena kuwa meli kamili. Injini iliyolala kwenye maji ya chumvi miezi sita, boila, mabomba, waya zote, kuirudisha ingehitaji chelezo na mafundi na wakati wa vita hivo vyote havikuwepo. Wakaamua ivutwe mpaka Addu Atoll, kusini ya Maldives, iwekwe kule kama ghala la mafuta linaloelea.

Addu ilikuwa siri kubwa ya Waingereza. Kwenye makaratasi walikuwa wanaiita Port T, kituo cha manowari katikati ya bahari ya Hindi, visiwa vimezunguka kama mkufu na katikati maji ya kina, walikianza 1941. Meli zinazotoka Kilindini kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo) ziliweza kupita pale zikanywa mafuta. Sasa ghala la mafuta linaloelea ni kitu gani, ni meli isiyokwenda popote. Imefungwa, inakaa, wengine wanakuja ubavuni wanafunga kamba, wanaunganisha mabomba, mafuta yanahama. Mafuta mazito yakipoa yanakuwa kama lami, lazima yapashwe kwa mvuke ndo yakubali kupita, kwa hio hata meli mfu inahitaji moto mdogo ndani na watu wa kuulinda. Jua la ikweta, chuma kinaunguza, hakuna bandari ya kushuka, hakuna soko, hakuna barua. Watu waliofanya kazi hio sijawahi kuona hata mmoja akiandikwa. Mimi nimekaa ankarejini, mahali meli zinapotia nanga kungoja, kule Fujairah siku 40 nikaona nitarukwa na akili. Hawa walikuwa na mwaka na zaidi.

Na sasa nifike mahali ambapo kila nikifika nasimama kwanza.

Februari 1944 msafara ukatoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani yake kulikuwa na meli ya abiria iliyotwaliwa pia kwa vita, Khedive Ismail, imebeba watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingine pamoja na maofisa wao, wanapelekwa vitani upande wa Burma. Walikuwemo pia manesi. Tarehe 12 Februari mchana, karibu na Maldives, kaskazini ya Addu, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga torpedo mbili. Meli ikazama kwa dakika mbili hivi. Wengi walikuwa chini ndani, kwenye burudani ya muziki wanasema. Watu 1,297 wakafa. Walionusurika 214 tu.

Na baya zaidi, nyambizi ikajificha chini ya pale pale watu walipokuwa wanaogelea, na manowari za kusindikiza, Petard na Paladin, zikalazimika kutupa mabomu ya chini ya maji karibu na watu wao wenyewe. Siwezi kuandika zaidi hapo. Nyambizi ikaibuka, wakapigana nayo muda mrefu, Paladin ikachanika ubavu, mwisho Petard ikaimaliza kwa torpedo. Alafu Petard ikaikokota Paladin mpaka bandari ya karibu.

Bandari ya karibu ilikuwa Addu. Kwa hio wale wachache waliopona, wakiwemo ndugu zetu, walifika kwenye ile ghuba ambamo British Loyalty ilikuwa imefungwa. Meli iliyopigwa na Wajapani Madagascar, na watu waliopigwa na Wajapani siku zile zile, maji mamoja. Sijui kama kuna askari yeyote aliyeinua macho akaiangalia, lakini kila nikifikiria nawaona wamejifunika blanketi wanapita karibu na ule mwili wa chuma wa kijivu wenye kutu. Majina ya wale wa kikosi cha mizinga ambao hawakuokolewa yako kwenye ukuta wa kumbukumbu pale makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi. Nilienda mwaka juzi. Nilisoma majina mpaka mlinzi akaja kuniambia wanafunga.

Mwezi haukuisha vizuri. Tarehe 9 Machi 1944 ikaja nyambizi nyingine Addu, safari hii ya Mjerumani, U-183, kapteni Fritz Schneewind. Ndio, Mjerumani, bahari ya Hindi, walikuwa na kituo Penang kule Malaya kwa wenyeji wao Wajapani. Milango ya Addu ilikuwa imewekwa nyavu za chuma za kuzuia torpedo, lakini nyavu zilikuwa na mwanya. Schneewind hakuingia ndani. Alikaa nje, akalenga kupitia ule mwanya, akatoa torpedo kutoka mbali, ikapita kwenye tundu la wavu kama uzi kwenye sindano, ikavuka ghuba, ikampata British Loyalty pale ilipofungwa. Meli isiyo na injini, isiyoweza hata kugeuza omo yake, yaani upande wa mbele.

Ikaumia vibaya. Na bado haikuondoka. Zile kuta, yale matenki. Wakaizibaziba ikabaki pale Addu mpaka vita vikaisha. Ile U-183 yenyewe ilizamishwa Aprili 1945 kwenye bahari ya Java na nyambizi ya Wamarekani, akapona mtu mmoja tu.

Vita vikaisha na meli ikawa haina mtu. Kuivuta mpaka India ikakatwe vyuma ni gharama, kuiacha ikielea kwenye bandari ni hatari, na Waingereza walikuwa wanapunguza vituo vyao. Tarehe 15 Januari 1946 wakaizamisha wenyewe pale pale ndani ya ghuba, upande wa kisiwa cha Hithadhoo. Miaka 18 tangu itoke Tyne. Naelewa hesabu yao, hata mimi ningekuwa kwenye ile ofisi pengine ningesaini. Ila nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika kama mtu aliyesikia mzee wa mtaa ametolewa nyumbani kwake.

Kitu kinachonikera ni kwamba meli za mizinga zina vitabu, zina sanamu, zina siku zao za kukumbukwa. Ramillies ukiitafuta utapata mpaka jina la paka. Tanka iliyokuwa inaipa pumzi unapata mistari minne, na mistari miwili ni ya wale waliokuja kuipiga. Nani alikuwa bosuni, yule mkuu wa mabaharia wa sitaha? Nani alikuwa jikoni usiku ule wa Diego Suarez? Nani alikuwa zamu kwenye chumba cha pampu? Najua chumba cha pampu kilivyo, ni shimo, ngazi ndefu ya chuma kwenda chini na harufu inayokaa kwenye nguo wiki nzima, na meli ikipigwa yule wa chini ndo wa mwisho kujua.

Siku hizi British Loyalty inazamiwa na watalii. Imelala kwa ubavu, chini kabisa ni kama mita 33 na ubavu wa juu uko mita 16 hivi, na wazamiaji wanapita ndani ya lile tundu la torpedo. Wanasimulia kwamba miaka mingi iliendelea kuvuja mafuta kidogo kidogo, tone kwa tone, matumbawe yakachelewa kuota juu yake, na sasa ndo yameota, na kasa wanakuja kulala pale. Hayo mafuta yalipakiwa kwa ajili ya manowari za vita vilivyokwisha kabla mama yangu hajazaliwa.

Kuna jamaa yangu mmoja wa Lamu anafanya kazi hotelini kule Addu, nimemwomba akipata boti apite juu yake anipigie picha ya maji tu, hata kama hakionekani kitu. Amenijibu jana usiku, anasema kuna boya la kamba pale juu na maji ni meupe sana asubuhi, atakwenda Ijumaa akitoka zamu.